Biskuti Chini ya Mto

"Mzee, naomba unisimulie siku ya jana. Tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulikula nini, ulikunywa nini?"

Nikajibu mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Daftari lilikuwa mapajani, kila mlo nimeuandika kwa saa na kipimo, na nikaanza kusoma kama karani wa mahakama: uji bila sukari saa mbili asubuhi, saladi saa saba mchana. Mtaalamu wa lishe akainua kiganja kidogo tu, macho yake bado kwa Baba. "Asante, dada. Tutafika kwako. Kwanza nimsikilize mzee."

Baba akakohoa. Akatazama dirisha. Akasema uji aliumwaga. Saladi aliokota majani mawili matatu ili nisiseme. Jioni alikula samaki kidogo na mboga. Kisha akanyamaza, na yule binti naye akanyamaza, kalamu imetulia juu ya karatasi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuuvumilia ukimya ule, na nilikuwa nafungua mdomo Baba aliposema:

"Na biskuti. Usiku. Nne, tano hivi."

Uso uliniwaka. Wiki tatu kabla ya siku ile niliikuta pakiti ya biskuti chini ya mto wake. Niliichukua, nikaitupa, na nikamsema kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. Kumbe alitafuta nyingine.

Binti hakumkaripia, wala hakutikisa kichwa. Aliuliza swali ambalo limenifuata kitandani tangu siku hiyo:

"Kabla ya kuzila hizo biskuti, mwili unakuwaje?"

"Unatetemeka," Baba akasema. "Jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio. Nikila zile natulia, nalala."

Binti akaiweka kalamu chini.

## Karatasi tatu

Baba ana kisukari cha miaka mingi, na presha ambayo ni kama pacha wake. Figo zilianza kulegea mwaka jana. Kila ugonjwa ulikuja nyumbani na karatasi yake. Ya kisukari: punguza wali, mkate, viazi, matunda matamu. Ya presha: acha chumvi. Ya figo: jihadhari na ndizi, machungwa, nyanya, maharage, karanga, maziwa, na nyama usizidishe. Nilizibandika zote tatu kwenye mlango wa friji, nikashika kalamu nyekundu, na chochote kilichosemwa vibaya na karatasi yoyote kikafukuzwa jikoni kwetu.

Ukiifanya hesabu hiyo mpaka mwisho, unabaki na kabichi.

Mimi nilijiona mlezi hodari, na nilikuwa na cheti. Kuna kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, kinachosoma sukari iliyojishikiza kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi takriban siku 120. Cha Baba kilikuwa asilimia 8.4. Kikashuka hadi 5.8. Niliipiga picha ile karatasi ya maabara nikaituma kwenye kundi la familia. Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa kawaida hajibu hata salamu, alijibu.

Kwenda kwa mtaalamu wa lishe halikuwa wazo langu. Daktari wa figo ndiye aliyetuandikia, na ile barua ya rufaa ilikaa kwenye mkoba wangu wiki mbili nzima. Nilikuwa najiuliza, huyo mtu atatufundisha nini? Kula? Chakula ni kama mpira wa miguu, kila mtazamaji ni kocha. Halafu wenyewe hawatulii na neno moja. Kwa miaka mingi miongozo ya lishe ya Marekani iliwaambia watu wasivuke miligramu 300 za kolesteroli ya chakula kwa siku, mayai yakanuniwa dunia nzima. Toleo la 2015 likaja bila kikomo hicho. Kama wanaondoa leo walichoweka jana, nikasema, basi karatasi zangu tatu zinatosha.

Na sehemu nyingine ya sababu, nisijifiche, ni kwamba sikutaka mtu aje kunisahihisha jikoni kwangu.

## Mkanda

Kabla ya swali lolote binti alimpandisha Baba kwenye mizani. Kilo 58. Akafungua kadi ya kliniki kurudi nyuma miezi sita. Kilo 66.

Nilizijua namba zote mbili. Niliziandika mimi mwenyewe kwenye daftari, kurasa tofauti. Sikuwahi kuziweka pamoja, na nilipoona zikipungua nilifurahi, kwa sababu kupungua ndiko tulikoambiwa kuwa kuzuri kwa mwenye kisukari. Yeye alizigawanya palepale: asilimia 12. Katika kazi yao, mtu akipoteza asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia, kengele inalia, awe mnene au mwembamba.

"Mzee, huu mkanda ulitobolewa lini?"

Nikatazama. Kwenye mkanda wa Baba kulikuwa na tundu moja lililotobolewa kwa msumari, kingo zake zimechanika, mbali na yale matundu ya dukani. Mtu unayeshinda naye humwoni akikonda. Yeye aliuona mkanda kabla hajamaliza kuketi.

Akaendelea. Alimpa kifaa cha kubana kwa mkono kupima nguvu. Akagusa ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Akatazama pande za kichwa juu ya mashavu, na mabega, mahali ambapo msuli ukiisha mfupa unajitokeza. Akabonyeza vifundo vya miguu, kwa sababu maji yakijaa mwilini mizani inaweza kudanganya, ikaonyesha kilo ambazo si nyama. Akauliza kuhusu meno. Akauliza nani anapika, nani anakula na mzee, saa ngapi, na kama jikoni pana ngazi. Nilipokuwa nangoja orodha ya vyakula, dakika 30 zilikuwa zimekwisha na hakuna chakula hata kimoja kilichokatazwa.

Nikaona niokoe jahazi. Nikamkabidhi karatasi yangu ya 5.8.

"Imeshuka sana," akasema. Nikangoja pongezi. Haikuja.

Alivutia kiti karibu na Baba, akatueleza taratibu. Kipimo cha insulini ya jioni, ile sindano ya kushusha sukari, kilipangwa wakati mzee anakula sahani iliyojaa. Sahani ikapungua, kipimo hakikupungua. Juu ya hapo, figo ni miongoni mwa viungo vinavyoiondoa insulini mwilini. Zikichoka, insulini ileile inakaa muda mrefu zaidi ikifanya kazi. Kwa hiyo saa nane za usiku sukari inaanguka, mwili unapiga yowe kwa njia unazozijua: jasho, mtetemeko, moyo kwenda mbio. Mzee anakula biskuti, inapanda. Chama cha Kisukari cha Marekani chenyewe, kwa mzee mwenye magonjwa kadhaa, kinakubali ule wastani wa miezi mitatu ukae chini ya asilimia 8. Hakimlazimishi ashuke hadi tano, kwa sababu mzee aliyeanguka usiku akavunjika nyonga hana faida na namba nzuri. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa figo mara nyingi ana upungufu wa damu, na damu ikiwa pungufu kipimo hicho cha wastani nacho kinaweza kupotoka.

Ushindi wangu niliousambaza kwenye kundi la familia ulikuwa umetengenezwa, kwa sehemu, na usiku ambao Baba alitetemeka peke yake gizani.

Nami nilitupa biskuti.

"Mimi dawa sizigusi," binti akasema, "lakini daktari lazima alisikie hili leo." Akapiga simu palepale, mbele yetu, akasoma namba zote. Kipimo cha insulini kikapunguzwa kabla hatujaondoka. Akatuagiza tupime sukari Baba akijisikia vile, na ikiwa chini ya 4 (milimoli kwa lita) apewe kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwenye maji, tungoje dakika 15, tupime tena. Biskuti, akasema, zinafanya kazi lakini zinachelewa, mafuta yake yanaichelewesha sukari kufika kwenye damu.

Baba aliniangalia kwa jicho la pembeni. Nadhani alitaka kucheka.

## Potasiamu inatoka wapi?

Tungeweza kuishia pale na nikawa nimejifunza vya kutosha. Lakini kwenye vipimo vya damu kulikuwa na jambo jingine: potasiamu, moja ya madini tunayoyapata kwenye chakula, ilikuwa 5.3, imepita mstari kidogo. Potasiamu ikipanda sana huuvuruga mdundo wa moyo, na inaweza kuusimamisha.

"Ndizi," nikasema. "Lakini niliziondoa miezi minne iliyopita."

"Machungwa?"

"Niliyaondoa."

"Nyanya, maharage, viazi?"

"Vyote."

Akaegemea kiti. "Basi potasiamu inatoka wapi?"

Hapo ndipo niliacha kumwona kama mwalimu wa shule na kuanza kumwona kama fundi anayetafuta mahali paa linapovuja. Alinitaka nifumbe macho nitembee jikoni kwangu, rafu kwa rafu, nitaje kila kopo. Mafuta. Majani ya chai. Unga. Pilipili manga. Chumvi.

"Chumvi gani?"

Ile maalumu, nikasema kwa fahari, isiyo na sodiamu, niliinunua kwa ajili ya presha. Nilikuwa nainyunyiza kwa ukarimu, maana si chumvi "mbaya".

Chumvi mbadala ya namna ile, mara nyingi, ni kloridi ya potasiamu. Imeandikwa nyuma ya kopo kwa herufi ndogo kama mchwa, niliisoma niliporudi nyumbani. Kwa mwenye presha ambaye figo zake ni nzima inaweza kumfaa. Kwa Baba, ambaye figo zake haziwezi tena kuitoa potasiamu kama zamani, na ambaye baadhi ya dawa zake za presha huifanya ibaki mwilini zaidi, nilikuwa namwekea sumu kwa kijiko cha chai. Nilimnyima ndizi, nikamnyunyizia potasiamu juu ya kabichi.

Hakuna karatasi iliyoitaja. Ya presha ilisema acha chumvi, nikaacha. Ya figo ilisema ndizi.

Soseji nazo zilipona kwa mtindo huohuo: hazikutajwa kwa jina kwenye karatasi yoyote, na hazina wanga wa kutisha, basi nikawa nampa mara kwa mara badala ya maharage. Akanichorea. Madini ya fosforasi yaliyomo kwenye maharage yamefungwa na kitu kinachoitwa fiteti, na mwili wa binadamu unapata kama nusu yake au pungufu. Fosfeti, yaani fosforasi inayotiwa kiwandani kwenye nyama za kusindikwa, ili zishike maji na zikae muda mrefu, inaingia karibu yote. Figo zikichoka fosforasi inajikusanya, na baada ya muda inaisumbua mifupa na mishipa ya damu. Juu yake kuna chumvi ya kawaida, tele. Kwa hiyo kati ya maharage na soseji nilikuwa nimechagua kinyume, kwa uangalifu mkubwa.

Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa nini basi walitupa zile karatasi.

Hakuzitetea, hakuzitukana. "Kila moja iliandikwa kwa mtu mwenye ugonjwa mmoja," akasema. "Mzee ana mitatu, na ana meno machache, na hapendi kabichi. Karatasi yake haijaandikwa bado. Ndiyo tunaiandika sasa."

Tukaandika. Mezani alikuwa na vyakula vya plastiki, kama vya kuchezea watoto: ngumi ya wali, kipande cha mkate, yai, kikombe cha maharage. Baba alivishika kimoja kimoja akavipanga kwenye sahani tupu, mtu wa miaka 74 anacheza mchezo wa kupika, na alikuwa makini kuliko nilivyomwona kwa miezi. Wali ukarudi, kiasi cha ngumi. Maharage yakarudi nusu kikombe, yalowekwe na maji yale yamwagwe. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, kwa sababu potasiamu hutoka na maji. Tunda moja dogo kwa siku. Yai kila asubuhi.

Yai ndilo lililonishangaza, maana karatasi ya figo ilisema protini ipunguzwe. Ni kweli ikizidi inazichosha figo, alikubali. Lakini kipimo kinachotumika kwa mtu kama Baba ni takriban gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 46 hivi kwa siku, na kwa mzee aliyedhoofika wanaweza hata kuruhusu zaidi. Kwa hesabu yake Baba alikuwa hafiki 30. Yai moja lina kama 6. Mwili usipopewa protini unaenda kuikopa kwenye msuli, na wa Baba ulishakopa mpaka tundu la mkanda likahama.

Kitu pekee alichokiondoa kabisa siku ile kilikuwa kopo langu la chumvi. Soseji alisema zibaki za siku ya sherehe.

## Hatia ina njaa

Tulipofika nyumbani nilitaka kumlisha Baba kama ndege. Nilitaka kurudisha miezi sita kwa wiki moja.

Bahati nzuri binti alikuwa ameliona hilo usoni mwangu, akanionya mapema. Mtu aliyekula kidogo kwa muda mrefu hapandishwi kwa kishindo. Chakula kingi kikija ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu zinakimbilia ndani ya seli kwa pamoja, kwenye damu zinaanguka, na moyo au pumzi vinaweza kushindwa. Madaktari waliliona wazi mwishoni mwa vita kuu ya pili, wafungwa waliookolewa kutoka kwenye njaa wakifa baada ya kupewa chakula. Baba hakuwa amefika huko, alisema, lakini kanuni ni ileile: ongeza kidogo, pima, ongeza. Wagonjwa mahututi wanaolishwa kwa mrija ndivyo wanavyopandishwa, na anayekokotoa mililita zao kwa saa mara nyingi ni mtu wa kazi yake.

Nikaongeza kidogo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyima.

## Benchi la kungojea

Miadi ya pili ilikuwa baada ya wiki sita. Tuliwahi, tukakaa kwenye benchi saa nzima, na benchi la hospitali ni kama safari ya basi: watu wanakuhadithia mambo.

Kabla ya hapo, ungeniuliza nani anakwenda kwa mtaalamu wa lishe, ningesema wanaotaka kupungua kwa ajili ya harusi. Pale benchini hakuna hata mmoja aliyekuja kupungua.

Alikuwepo mama na mtoto wa miaka minne mwenye kifafa kisichosikia dawa. Anampimia chakula kwa mizani ya gramu: mafuta gramu 4 kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Ni mlo uitwao ketojeni, wala si mtindo wa mitandaoni huo. Ulipendekezwa 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, na bado unatumika kwa watoto kama wake, chini ya uangalizi wa karibu. Mama yule alinionyesha daftari lake. Lilinifanya nilionee haya langu. Degedege zilikuwa zimepungua kutoka kila siku hadi mara moja moja kwa wiki, akasema, kisha akagusa mbao ya benchi.

Alikuwepo kijana mwembamba ambaye tumbo lilimsumbua mwaka mzima, akajiamulia kuacha ngano. Aliambiwa aanze kuila tena kwanza. Alikuwa amekasirika. Sababu ni kwamba kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, kinatafuta askari ambao mwili huwatoa dhidi ya gluteni, protini ya ngano. Ukiacha ngano kabla ya kupima, askari wanaondoka na jibu linatoka safi kwa uongo.

Na alikuwepo mzee anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambaye alikuwa ameacha mboga zote za majani kwa hofu ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Huyu aliambiwa ale, ila kiasi kilekile wiki baada ya wiki, ili kipimo cha dawa kiwe na kitu kisichoyumba cha kulingana nacho. Yeye na Baba walielewana haraka sana. Walisemezana kuhusu binti zao.

## Jina moja

Kiswahili chetu kina pengo hapa, nami lilinigharimu. Tunasema "mtaalamu wa lishe", na kwa jina hilo tunamwita yule binti wa hospitalini, na tunamwita pia mtu yeyote mwenye simu, taa ya duara na unga wa kuuza.

Nchi nyingine zimeweka ukuta kati yao. Uingereza ina jina la kitaaluma, "dietitian", linalolindwa kwa sheria, hulitumii mpaka uwe kwenye rejista, na ukilitumia bila haki unashtakiwa. Jina jingine, "nutritionist", linalofanana nalo kwa sikio la mtu wa kawaida, halilindwi na kila mtu anaweza kulivaa. Marekani chama cha wanataaluma hawa kilianzishwa Cleveland mwaka 1917, wakati wa vita, na wanawake waliotaka kujua taifa litalishwaje. Tangu 2024 anayetaka kufanya mtihani wa kusajiliwa huko sharti awe na shahada ya uzamili, baada ya mamia ya saa za kufanya kazi chini ya msimamizi.

Mimi, kabla ya haya yote, nilikuwa nimenunua unga wa "kusafisha figo" kutoka kwa mtaalamu wa aina ya pili. Hakuna unga unaosafisha figo. Hakuniuliza swali hata moja kuhusu Baba, ila namba yangu ya kulipia. Baba aliuonja akautema, na kwa mara moja ile kutosikia kwake kulikuwa akili.

Ukurasa wa muuzaji huyo ulipambwa na ule msemo wa chakula kiwe dawa yako, chini yake jina la Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale. Msemo huo haumo katika maandiko yake yaliyotufikia. Lakini kuna neno la Kigiriki la zamani zake, diaita, ambalo ndilo lililozaa neno la kizungu "diet", tunalolisikia leo kama kujinyima. Kwa Wagiriki lilimaanisha mwenendo mzima wa maisha: kula, kulala, kutembea, kuoga. Nilipolisoma nikakumbuka yale maswali ya nani anakula na mzee, na jikoni kuna ngazi.

Siku hizi mtu akiniuliza, namwambia aulize namba ya usajili, na ahesabu maswali. Mimi ndivyo ninavyofanya.

## Wiki ya sita

Kilo 59.6. Potasiamu 4.7. Hakuna usiku wa jasho tangu wiki ya kwanza.

Sukari ya asubuhi, hata hivyo, ilikuwa inazunguka kwenye 8, wakati zamani zangu ilikuwa 5. Binti akasema ni sawa kwa mzee kama huyu. Najua ni sawa. Nimeeleza hapa juu kwa aya nzima kwa nini ni sawa. Bado kila nikiiona 8 kwenye kioo cha mashine, mkono unatafuta kalamu nyekundu.

Safari hii Baba alikuja na daftari lake mwenyewe, mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Lilikuwa na uongo ndani yake, nilijua, kwa sababu siku ya Jumapili aliandika kipande kimoja cha mkate na mimi niliviona vitatu. Nikamnong'oneza binti mlangoni. Akacheka. Karibu kila mtu hupunguza anapoandika anachokula, akasema, hata bila kukusudia. Watafiti waliwanywesha watu maji yenye atomi zilizotiwa alama, wakapima nguvu ambayo mwili umetumia kweli, na daftari likaonekana linabaki nyuma. "Daftari la mzee silisomi peke yake. Nalisoma na mizani, na damu, na mkanda."

Kisha akaongeza, kwa upole ambao ulinichoma zaidi: "Dada, la kwako ndilo lililokuwa sahihi kabisa. Kila kitu ulichompa kiliandikwa. Alichokula hakikuwemo."

Nilimwomba Baba msamaha tukiwa njiani kurudi. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku kadhaa, na yalitoka vibaya, yakachanganyika na insulini na saa nane za usiku na karatasi za friji. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ungeniuliza tu," akasema.

Pakiti ya biskuti sasa inakaa mezani, wazi, karibu na mashine ya kupimia sukari. Aliiweka mwenyewe. Siku ya kwanza zilikuwa 12. Juzi zilikuwa 12. Leo asubuhi, kabla hajaamka, nimezihesabu tena, nikarudisha karatasi yake ilivyokuwa, nikaikunja pale pale alipokuwa ameikunja yeye.